Kabla ya Kuupanda Mweka, Nilipita Nachingwea

Na Mwandishi Wetu

"Mjomba, unamkimbia nani?"

Hilo ndilo swali nililoulizwa asubuhi yangu ya kwanza Nachingwea, saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nimeinama kizingitini nikifunga kamba za raba. Aliyeuliza ni kaka wa marehemu mama yangu, mzee wa miaka sabini na miwili, ambaye wakati huo alikwisha noa jembe lake na alikuwa akingoja kupambazuke aende kupalilia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akabaki amesimama akingoja jibu. Nikamwambia kwamba ninajiandaa kwa mbio za Kilimanjaro. Akatikisa kichwa. "Kilimanjaro iko Moshi," akasema. "Hapa ni Nachingwea."

Ndugu msomaji, mzee alikuwa na haki ya kushangaa. Watu wa Nachingwea na Ruangwa hutembea sana. Hupanda vilima wakiwa na mizigo vichwani, na husukuma baiskeli zilizobeba magunia ya korosho na ufuta. Lakini mtu mzima kukimbia bila kufukuzwa na kitu ni jambo linalohitaji maelezo. Basi hapana budi nieleze kwanza kisa chenyewe.

KISA CHENYEWE

Baba yangu alikuwa karani. Alianguka ofisini siku ya Jumatatu, na Jumatano tukamzika. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Tuliambiwa ni kiharusi, na kwamba yamkini shinikizo la damu lilikuwa limemwandama kwa miaka mingi pasipo yeye kujua.

Mwaka jana, nikiwa na miaka thelathini na sita, nilipimwa kazini pamoja na wenzangu. Kipimo kikasoma 150 kwa 100. Nilipimwa tena siku nyingine mbili, na majibu hayakutofautiana sana. Daktari akanishauri nipunguze chumvi, nipunguze uzito, na niwe ninatembea kwa kasi angalau nusu saa kila siku. Baada ya miezi michache tutazame kama dawa zinahitajika.

Nilianza kutembea. Kutembea kukazaa kukimbia, na mwezi wa Oktoba, kwa kuchokozwa na wenzangu wa chumba cha habari, nikajiandikisha kukimbia kilomita 42 mjini Moshi. Mke wangu aliisoma karatasi ya kujiandikisha, akaikunja taratibu, akanirudishia. "Baba watoto," akasema, "daktari alisema utembee. Kukimbia mlimani alisema nani?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kwa daktari, akanipima moyo, akanipa ruhusa kwa masharti: niongeze mwendo kidogo kidogo, nisikimbie nikiwa na homa, na nikisikia maumivu ya kifua nisimame palepale.

MLIMA UNAOKUJA MWISHONI

Mbio za marathoni za Kilimanjaro zilianza mwaka 2003. Huanzia na kumalizikia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, Moshi, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Wengi wasiozijua hudhani kwamba wakimbiaji hupanda hadi kwenye theluji. La hasha. Kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, hubaki kule juu kikitazama.

Hata hivyo, asicheke mtu mapema. Nusu ya kwanza ya kilomita 42 hupita mahali pasipo na kilima kikali. Kisha, miguu ikiwa imekwisha choka, njia hugeuka kuelekea Mweka na kupanda mfululizo kwa kilomita kumi hivi, kutoka chini ya mita 900 hadi kiasi cha mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, katikati ya migomba na mibuni. Ni baada ya kilomita ya 32 ndipo mkimbiaji huruhusiwa kugeuka na kushuka. Basi mlima haukungoji mwanzoni ukiwa na nguvu. Hukungoja mwishoni, ukiwa umekwisha jisifu.

Wapo, kwa hakika, wanaoukimbilia mlima wenyewe. Mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy alipanda na kushuka Kilimanjaro, akijibebea mahitaji yake, kwa muda wa saa tisa na dakika zipatazo ishirini. Wageni hutumia siku tano, sita, au zaidi. Baadaye walikuja Kilian Jornet wa Hispania, mwaka 2010, na Karl Egloff wa Ecuador, mwaka 2014, wakapunguza muda wa kwenda na kurudi hadi chini ya saa saba. Mimi sikuwa na ndoto za namna hiyo. Nilitaka kufika Mweka na kurudi, nikasalimiane na mke wangu nikiwa nimesimama kwa miguu yangu.

KWA NINI NACHINGWEA

Dar es Salaam si mji wa kujifunzia mlima. Uko ufukoni mwa bahari, na vilima vyake ni vifupi. Kwa miezi mitatu nilikimbia alfajiri kando ya barabara, nikivuta moshi wa magari, na nikaweza kufikisha kilomita 20. Lakini kila nilipokuta daraja la waenda kwa miguu nilipanda ngazi zake nikihema, nikajua kwamba Mweka haitanihurumia.

Nilikuwa na likizo yangu ya mwaka, siku ishirini na nane. Kwenda kujifunzia Moshi kungenigharimu chakula na malazi. Kwa mjomba, Nachingwea, kitanda kipo na vilima ni vya bure.

Basi liliondoka gizani, likavuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003, mwaka uleule zilipoanza mbio za Moshi. Wazee wanakumbuka jinsi ambavyo kabla ya daraja hilo abiria wa kusini walingoja kivuko, na mvua zikizidi walilala njiani. Tulipofika Mingoyo tukaiacha njia ya Mtwara, tukapita Mtama, Nyangao na Ndanda, hadi Masasi, mji uliozungukwa na milima ya mawe matupu inayochomoza ardhini kama vichwa vya majitu yaliyozikwa yakiwa yamesimama. Kutoka hapo nikapanda gari jingine hadi Nachingwea.

MJI ULIOZALIWA NA MAANDALIZI MABAYA

Mjomba anakaa karibu na mahali panapoitwa Stesheni. Mgeni akiuliza treni inapita saa ngapi atachekwa, kwa maana reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina limebaki likingoja abiria.

Reli hiyo ilikuja kwa ajili ya karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia, na mwaka 1947 serikali yake ikaanza mpango wa kulima karanga katika Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni tatu. Sehemu tatu zilichaguliwa: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa mabaki ya vita, misitu ikaangushwa, reli ikajengwa kutoka pwani. Lakini hapakufanywa utafiti wa kutosha wa udongo wala wa mvua. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, jembe lisipenye. Mapema mwaka 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya paundi yakiwa yamepotea.

Babu yangu, baba yake mjomba, alikuwa mmoja wa vijana waliokata miti hiyo. Mjomba anasema mzee alikuwa na mzaha wake: Wazungu walianza kukimbia kabla ya kuuliza njia inaelekea wapi. Niliufikiria sana mzaha huo nikiwa barabarani. Nguvu walikuwa nazo, fedha walikuwa nazo, haraka walikuwa nayo. Walichokosa ni subira ya kujiandaa.

Nachingwea hiyohiyo ikaja kuona maandalizi ya namna nyingine. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO ilikuwa na kambi kubwa ya kuwafunza wapiganaji wake hapa, mahali panapojulikana kwa jina la Farm 17, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi waliowaongoza vijana hao. Kazi yao haikuwa ya msimu mmoja. Msumbiji ilijipatia uhuru wake tarehe 25 Juni, 1975, miaka kumi na zaidi tangu vita kuanza. Ukipita huko leo utakuta nyasi na mikorosho, lakini mtu anayelalamika kwa sababu ya kilomita mbili za kilima hupata haya kidogo.

MASOMO YA BARABARANI

Januari ni mwezi wa mvua huku. Mavuno ya korosho yamekwisha, mahindi yanapaliliwa, na ufuta unapandwa. Barabara za udongo mwekundu hugeuka utelezi, na hewa huwa nzito kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Jasho lisilokauka halipozi mwili. Nilijifunza hilo siku ya tatu, nilipotoka saa mbili asubuhi badala ya saa kumi na moja na nusu, nikarudi nikiwa na kizunguzungu. Tangu hapo sikuchelewa tena.

Somo la pili alinipa mjomba. Siku moja tulipanda pamoja kilima cha shambani kwake, mimi nikikimbia, yeye akisukuma baiskeli yenye jembe, dumu la maji na mche wa mkorosho. Nilimpita kwa mbwembwe. Karibu na kileleni alinikuta nimeshika magoti, akanipita bila kubadili mwendo hata kidogo. "Mjomba," akasema pasipo kugeuka, "unapanda kama mtu anayeteremka." Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nikitupa hatua ndefu, nikitazama juu. Yeye alikuwa akipiga hatua fupi, mgongo umeinama kidogo tu, macho mita chache mbele. Nilipomwiga, kilima kilekile kikawa cha kawaida. Kumbe kanuni ni kuishika pumzi ile ile na kuacha mwendo upungue wenyewe.

Somo la tatu ni kushuka. Watu wengi huogopa kupanda, lakini kinachovunja miguu ni mteremko. Wakati wa kupanda msuli wa paja hujikunja ili kuusukuma mwili. Wakati wa kushuka msuli huohuo hulazimika kurefuka huku ukizuia uzito wote usianguke, na kazi hiyo huchana nyuzi zake ndogondogo. Ndiyo maana mtu huamka kesho yake hawezi kushuka ngazi. Dawa ni kuuzoeza msuli kwa miteremko mifupi, mara moja kwa juma, wala si zaidi.

Somo la nne ni tumbo. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, nayo humtosha mkimbiaji wa kawaida kwa kilomita thelathini au pungufu. Baadaye miguu huwa kama ya mtu mwingine. Wenye fedha hununua vyakula vya kisasa vya wanariadha. Mimi nilikula ugali, kunde, mihogo ya kuchemsha na maembe, na kwa heshima ya babu, karanga. Aidha, maji ni ya kunywa kwa kiu wala si kwa hofu. Anayejishindilia maji mengi kupita kiasi huweza kuipunguza mno chumvi katika damu, na watu wamepata kufa kwa jambo hilo.

Usiku, kwa taa, nilisoma habari za waliotangulia. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, akamaliza wa mwisho, goti limefungwa bandeji, saa moja na zaidi baada ya mshindi. Juma Ikangaa, aliyeshinda New York mwaka 1989 kwa saa mbili, dakika nane na sekunde moja, anakumbukwa kwa kusema kwamba nia ya kushinda si kitu pasipo nia ya kujiandaa. Na Septemba 2025 Alphonce Simbu alimpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa mjini Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Katika mbio za zaidi ya saa mbili, waliachana kwa chini ya sekunde moja.

NJIA YA RUANGWA

Jumamosi ya mwisho ya likizo niliiweka kwa jaribio kubwa: kilomita 30 katika barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Miji hiyo miwili imeachana kwa zaidi ya kilomita 50, na zamani Ruangwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Nachingwea. Mjomba aliamua kunisindikiza kwa baiskeli, akiwa na maji na mihogo. Huko Ruangwa anaishi binti yake, ambaye ni muuguzi, tungelala kwake.

Tuliondoka kukiwa giza. Njia ilipanda na kushuka kati ya mikorosho na mashamba ya mahindi. Watoto wa vijijini walikimbia pamoja nami, peku, wakinicheka, na wakaniacha. Kilomita ya kumi nilikuwa mzima. Kilomita ya ishirini nilikuwa mzima. Nilijiona nimekwisha fika Mweka.

Katika mteremko wa kilomita ya 24 goti la kushoto likachoma upande wa nje, kama sindano. Nilipunguza mwendo, likachoma. Nilitembea, likachoma. Nikakaa chini kando ya barabara. Mjomba akashuka kwenye baiskeli, akanipa maji, akakaa kando yangu. Hakusema neno kwa muda mrefu, na niliona kwamba naye alikuwa akihema, mkono ameuweka kisogoni. Nikamwuliza kama anaumwa. "Kichwa tu," akasema. "Jua."

Gari la mizigo likatuchukua, sisi na baiskeli, hadi Ruangwa. Ni mji unaobadilika. Watu huko huzungumza habari za madini ya kinywe, na za Namungo, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kuuletea uwanja wa Majaliwa wageni wa kila namna. Lakini mimi siku hiyo sikuuona mji vizuri.

Dada yangu alilitazama goti, akalikunja na kulinyoosha, akasema nisikimbie kwa siku kumi, kisha nianze upya kwa uchache. Halafu akaleta kipimo cha shinikizo la damu. Tulipokwisha pumzika akanipima: 132 kwa 84. Nilifurahi kama mtoto. Mjomba akacheka, akanyoosha mkono wake mwembamba, mgumu kama mpini. "Nami nipime," akasema, "nione wanavyopimwa wavivu wa mjini."

Kipimo kikasoma 178 kwa 104. Dada akangoja, akapima mkono wa pili, akapima tena baada ya kula. Hapakuwa na tofauti kubwa. Mzee anayelima tangu utoto, asiyevuta sigara, asiye na kitambi, hakuwa amepimwa hata mara moja katika miaka yake sabini na miwili. Alikuwa amepata maumivu ya kisogo kwa miezi, akayaita jua. Nami nilikuwa nimemwacha asukume baiskeli vilimani kwa ajili ya mbio zangu.

Usiku ule hapakuwa na mzaha. Mjomba alikaa barazani, nami nikakaa karibu naye. Ndipo nilipomweleza habari za baba, ambazo alizijua, lakini safari hii nilizieleza kwa namna ya mtu anayezijua mwilini mwake. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe unakikimbia kile kilichomchukua shemeji." Nikamwambia ndiyo. Akafikiri tena. "Lakini mjomba, hicho hakikimbiwi siku moja."

TULIVYOAMUA

Jumatatu mjomba alipelekwa hospitali, akapewa dawa na tarehe ya kurudi. Nami nilipiga simu kwa waandaaji wa mbio, nikaomba kubadilishiwa kutoka kilomita 42 hadi 21. Wakati ninayaandika haya zimebaki wiki chache, goti linanyamaza, na ninaongeza kilomita moja moja. Wenzangu wa chumba cha habari wameniita mwoga. Sikujibu. Nusu hiyo nayo haikwepi Mweka. Hupanda njia ileile, ila humwachia mtu goti la kurudi nalo nyumbani. Babu alikwisha tuonyesha hasara ya wanaoanza kukimbia kabla ya kuuliza.

Ndugu msomaji mfanyakazi, si lazima ukimbie Moshi. Si lazima ukimbie popote. Lakini juma hili, wewe na wazee wako, nendeni mkapimwe. Kipimo huchukua dakika chache, hakichomi wala hakitoi damu. Usidanganywe na wembamba wa mwili, wala na ugumu wa mikono.

Juzi mjomba alinipigia simu. Anamaliza mwezi wa kwanza wa dawa, na samaki wa chumvi amempunguza, ingawa kwa manung'uniko. Kisogo hakimwumi tena. Alisema kwamba siku ya kwenda kliniki aliondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, kwa miguu, akiwa na haraka, na jirani akamwuliza anamkimbia nani.

"Ukamjibuje?" nikamwuliza.

"Nilimwambia aje naye apimwe," akasema.